Ushindi Dhidi ya Nani? Uhakiki wa Kaulimbiu ya Jai Jawan Jai Kisan ya Lal Bahadur Shastri

Ikisiri

Makala hii inahakiki kaulimbiu ya Kihindi Jai Jawan Jai Kisan, iliyotolewa na Waziri Mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, mwaka 1965. Kwa tafsiri ya karibu kaulimbiu hiyo ni “Ushindi kwa askari, ushindi kwa mkulima”. Imezoeleka kusomwa kwa namna mbili: ama kama sifa njema ya kiongozi mnyenyekevu kwa watu wa chini, ama kama propaganda ya wakati wa vita. Makala inadai kwamba usomaji wote huo haujitoshelezi kwa kuwa unapuuza maana ya neno jai lenyewe. Ushindi huhitaji mshindani. Mshindani wa askari alijulikana na kila aliyeisikia kaulimbiu. Mshindani wa mkulima aliachwa bila kutajwa. Makala inaonesha jinsi pengo hilo lilivyojazwa kwa namna mbalimbali kuanzia mwaka 1965 hadi maandamano ya wakulima ya mwaka 2020 na 2021, na kuhitimisha kwamba pengo hilohilo ndilo udhaifu wa kaulimbiu hii na ndilo chanzo cha uhai wake.

1.0 Utangulizi

Kaulimbiu ya kisiasa ni utanzu unaopitwa na wahakiki wengi bila kutazamwa. Kwa mwanafasihi ni fupi mno kuitwa shairi. Kwa mwanahistoria ni nyepesi mno kuitwa ushahidi. Hata hivyo, kaulimbiu iliyofanikiwa hukaa katika vinywa vya watu wengi kuliko shairi lolote, na hukaa humo muda mrefu baada ya aliyeitunga kuondoka. Kwa sababu hiyo inastahili kuhakikiwa kwa zana zilezile tunazozitumia katika kazi nyingine za sanaa ya lugha.

Uhakiki huu umeongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni umitindo, unaotazama jinsi uteuzi na mpangilio wa maneno unavyojenga maana. Wa pili ni nadharia ya vitendo vya usemi, inayohusishwa na J. L. Austin na John Searle, ambayo huuliza usemi unatenda nini unapotamkwa: unaahidi, unaamuru, unapongeza, au unafanya zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja? Swali linaloiongoza makala ni hili: kumtukuza mtu kwa neno ni kukiri deni lake, au ni kulilipa deni hilo kwa sarafu isiyo na gharama? Swali hili si la nadharia tupu. Kati ya watu wawili waliotukuzwa katika kaulimbiu hii, mmoja alikuwa akitakiwa kufa na mwingine akitakiwa kuilisha nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya kushiba ndani yake.

2.0 Muktadha wa Kaulimbiu

Shastri alishika uwaziri mkuu Juni 1964, siku chache baada ya kifo cha Jawaharlal Nehru. Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1904 huko Mughalsarai. Jina “Shastri” halikuwa la ukoo. Lilikuwa shahada ya kitaaluma aliyoipata Kashi Vidyapith, naye alikuwa ameliacha jina la ukoo lililodokeza tabaka lake. Maelezo haya yana nafasi katika uhakiki, kwani mtu aliyekataa kujitambulisha kwa nasaba ndiye aliyekuja kuwatukuza watu kwa kazi zao.

Alirithi matatizo mawili yaliyokuja kukutana katika mwaka mmoja. La kwanza lilikuwa la ulinzi. India ilikuwa bado na kumbukumbu chungu ya kushindwa na China mwaka 1962, na Agosti na Septemba 1965 iliingia vitani na Pakistani kuhusu Kashmir. Mapigano hayo yalisitishwa Septemba hiyohiyo kufuatia azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. La pili lilikuwa la chakula. Nchi ilitegemea ngano ya Marekani iliyoletwa chini ya mpango uliojulikana kama Sheria ya Umma 480, na serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianza kuitoa ngano hiyo kidogokidogo badala ya kwa mikataba mirefu, ili iweze kuishinikiza India. Kisha mvua zikakosekana. Mavuno ya nafaka, yaliyokuwa takribani tani milioni 89 katika msimu wa 1964/65, yalishuka hadi takribani tani milioni 72 katika msimu wa 1965/66.

Katika hali hiyo Shastri aliwaomba wananchi waache mlo mmoja kwa wiki, na akawataja pamoja askari na mkulima. Mpaka na shamba vilikuwa vimegeuka sehemu mbili za udhaifu mmoja: nchi isiyoweza kujilisha haiwezi kupigana bila kuomba ruhusa ya anayeilisha. Kaulimbiu ilizaliwa kutokana na hoja hiyo. Uhakiki wowote unaoichukulia kama maneno matamu tu unaipuuza mantiki hii ya awali.

3.0 Umbo na Lugha ya Kaulimbiu

3.1 Mizani na usambamba

Kaulimbiu ina vipande viwili vinavyolingana. Kila kipande kina maneno mawili na silabi tatu. Kila kimoja huanza na jai na kumalizikia kwa kina cha -an chenye irabu ndefu. Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili atauona mara moja mfano wa ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Kipande cha kwanza kina pia takriri ya konsonanti j, jambo linalokifanya kitoke kinywani kwa nguvu zaidi, ilhali cha pili kinatua kwa upole.

Usambamba huu ndio hoja kuu ya kaulimbiu. Hakuna kiunganishi kati ya vipande, hakuna “kwanza” wala “pia”, hakuna kinachomfanya mkulima kuwa msaidizi wa askari. Sarufi imewapa cheo sawa. Jambo hili si dogo katika wakati wa vita, ambapo lugha ya dola kwa kawaida humweka mpiganaji mbele na kuwataja wengine kama wanaomtegemeza. Hata hivyo, usawa wa sarufi haufuti mfuatano wa sauti. Askari ametajwa kwanza, na penye kutajwa kwanza pana heshima ya kwanza.

3.2 Jai: nafasi iliyokaliwa na miungu na taifa

Neno jai linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya ushindi. Katika matumizi ya kawaida ya Kihindi neno hilo huandamana na majina ya miungu katika ibada, na katika siasa huandamana na jina la nchi. Jai Hind, salamu iliyohusishwa na jeshi la ukombozi la Subhas Chandra Bose na kisha kukubaliwa na taifa zima, ni mfano ulio bayana. Shastri alichukua nafasi ambayo watu walizoea kuisikia ikijazwa na Mungu au nchi, akawaingiza humo watu wawili wasio na majina. Hapa ndipo ilipo nguvu ya kisanaa ya kaulimbiu. Haikuhitaji kueleza kwamba askari na mkulima ni watukufu. Ilitosha kuwakalisha katika kiti kinachofahamika kuwa cha watukufu.

3.3 Jawan na kisan: nani ameingizwa, nani ameachwa nje

Jawan ni neno lililotoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni kijana. Katika jeshi la India hutumiwa kwa askari wa vyeo vya chini, si kwa ofisa. Kaulimbiu, kwa hiyo, haimtukuzi jemadari. Inamtukuza yule anayepewa amri. Uteuzi huu ulipata mfano wake halisi katika vita vilevile: Abdul Hamid, aliyeuawa Septemba 1965 katika mapigano ya vifaru eneo la Khem Karan, alitunukiwa baada ya kifo nishani ya Param Vir Chakra, iliyo ya juu kabisa kwa ushujaa vitani. Hakuwa ofisa, na alikuwa Mwislamu aliyeipigania India dhidi ya dola iliyoanzishwa kwa jina la Waislamu.

Kisan lina asili ya Kisanskriti na huhusishwa na kulima. Lakini kufikia mwaka 1965 neno hili lilikuwa na historia nzito ya madai. Mwaka 1917 Gandhi alisimama na wakulima wa Champaran dhidi ya wenye mashamba ya nili. Mwaka 1936 ilianzishwa All India Kisan Sabha, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Swami Sahajanand Saraswati, nayo ilipambana na mfumo wa wamiliki wakubwa wa ardhi. Katika matumizi hayo kisan alikuwa mtu mwenye mshindani anayejulikana kwa jina na sura. Kaulimbiu ya Shastri ilimchukua mtu huyohuyo, ikamwondoa katika ugomvi wake wa zamani na kumweka kando ya askari, kana kwamba mshindani wao ni mmoja.

Isitoshe, kisan ni neno pana linaloficha tofauti. Linamhusu mwenye ekari nyingi zenye mfereji wa maji na mwenye kipande kimoja kinachongoja mvua. Kibarua asiye na ardhi, ambaye jasho lake limo katika kila gunia, kwa kawaida hutajwa kwa neno jingine. Na ingawa wanawake wanafanya sehemu kubwa ya kazi ya shamba, picha inayokuja akilini neno hili linapotamkwa ni ya mwanamume na jembe lake la kukokotwa na ng'ombe. Heshima iliyotolewa kwa jumla namna hii huwafikia kwa wepesi zaidi wale waliokuwa karibu na mlango.

Kuna ukinzani mwingine ulio katika lugha yenyewe. Kwa kuweka pamoja neno la Kiajemi na neno la asili ya Kisanskriti, kaulimbiu inazungumza Kihindustani cha mtaani ambacho Mhindu na Mwislamu wa kaskazini wote wanakielewa. Lakini ni lugha ya kaskazini. Mapema mwaka uleule wa 1965 jimbo la Madras lilitikiswa na ghasia za kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi pekee ya shirikisho, na C. Subramaniam, waziri wa chakula na kilimo aliyekuwa Mtamil, aliwasilisha barua ya kujiuzulu kwa sababu hiyo. Kaulimbiu ya umoja ilitungwa katika lugha ambayo miezi michache tu nyuma ilikuwa imeugawa umoja huo.

3.4 Ushahidi wa tafsiri

Jaribio la kuitafsiri kaulimbiu hii kwa Kiswahili linafichua jambo ambalo Kihindi hulifunika. Lugha yetu ya majukwaani inatupa njia kadhaa. Tukisema “Mkulima hoyee!”, tunapata shangwe na kiitikio, lakini maana ya ushindi inapotea. Tukisema “Adumu mkulima!”, tunamtakia maisha marefu, ila pia tunamtakia abaki alivyo; na kwa mtu maskini, kudumu katika hali yake si dua anayoihitaji. Tukisema “Ashinde mkulima!”, ambayo ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na jai, msikilizaji atauliza papo hapo: amshinde nani?

Swali hilo halizuki kwa askari. Mwaka 1965 kila mtu alijua yuko mpakani na anatazamana na nani. Kwa mkulima, jibu halimo katika kaulimbiu. Huenda ni ukame. Huenda ni mkopeshaji wa kijiji, mfanyabiashara anayeficha nafaka, nchi inayotuma ngano kwa masharti, au serikali yenyewe inayotaka chakula cha bei nafuu kwa ajili ya miji. Usambamba wa sauti unatufanya tuamini kwamba vipande viwili vinasema jambo moja, ilhali cha kwanza kimekamilika na cha pili kina pengo.

4.0 Kaulimbiu kama Kitendo cha Usemi

Kwa mtazamo wa vitendo vya usemi, Jai Jawan Jai Kisan ni pongezi na dua. Lakini ikitamkwa na kiongozi wa serikali mbele ya umma, ni amri pia: askari, pigana, mkulima, ongeza mavuno. Suala ni iwapo ilikuwa pia ahadi. Sarufi haina ushahidi wa ahadi, kwa maana hakuna mtenda anayejifunga. Hakuna “tutawapa” wala “nitahakikisha”. Anayeshika msimamo wa propaganda anaweza kuishia hapa na kuihukumu kaulimbiu.

Kuishia hapo kungekuwa kutomtendea Shastri haki. Kitendo cha usemi hupimwa pamoja na mazingira yake, na mazingira ya mwaka 1965 yana ushahidi mwingine. Januari mwaka huo zilianza kazi asasi mbili zilizomgusa mkulima moja kwa moja: Shirika la Chakula la India, lililopewa jukumu la kununua na kuhifadhi nafaka, na Tume ya Bei za Mazao, chini ya mchumi M. L. Dantwala, iliyopewa jukumu la kupendekeza bei. Katika serikali hiyohiyo Subramaniam, akishauriwa na wanasayansi kama M. S. Swaminathan, alitetea mbegu mpya za ngano fupi kutoka Mexico zilizotokana na kazi ya Norman Borlaug, pamoja na hoja kwamba mkulima hatatumia mbegu na mbolea ghali asipohakikishiwa bei. Uzalishaji wa ngano, uliokuwa takribani tani milioni 12 msimu wa 1964/65, ulifikia takribani tani milioni 16 na nusu msimu wa 1967/68.

Hapa tunaweza kusema kwamba askari ana nishani na pensheni, na mkulima ana bei. Bei ndiyo namna ambayo heshima ya dola humfikia mkulima mkononi. Kaulimbiu ya Shastri ilipotamkwa, asasi ya bei ilikuwa tayari imeundwa, na kwa kiasi hicho usemi ulikuwa na dhamana nyuma yake. Ndiyo maana haitoshi kuiita propaganda. Lakini dhamana hiyo ilikuwa nje ya kaulimbiu. Shastri alifariki Tashkent usiku wa kuamkia tarehe 11 Januari 1966, saa chache baada ya kutia saini makubaliano na Rais Ayub Khan wa Pakistani. Maneno yakabaki, na kila aliyeyapokea alikuwa huru kuyarithi pamoja na dhamana yake au bila hiyo. Aidha, manufaa ya mbegu mpya yalielekea zaidi kwenye maeneo yenye umwagiliaji, hususan Punjab, Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh. Yule kisan wa kungojea mvua alitukuzwa sawa na mwenzake, ila hakufikiwa sawa naye.

5.0 Pengo Lilivyojazwa Baadaye

Filamu ya Upkar (1967), iliyoongozwa na Manoj Kumar ambaye pia ndiye mhusika mkuu, ni usomaji wa kwanza mpana wa kaulimbiu hii katika sanaa. Mhusika mkuu anaitwa Bharat, yaani India yenyewe. Ni mkulima anayejinyima ili ndugu yake asome, na vita vinapozuka anaacha jembe na kushika silaha. Kaulimbiu ilikuwa na watu wawili; filamu inawafanya mtu mmoja. Suluhisho hili lina ukweli wa kijamii, kwa kuwa familia nyingi za Punjab na Haryana zina mwana shambani na mwana jeshini. Lakini linaficha jambo. Watu wawili wanaweza kugombania fungu moja la bajeti. Mtu mmoja hawezi kugombana na nafsi yake. Na mshindani wa mkulima katika filamu amewekwa nyumbani: ni ndugu msomi anayedai ardhi igawanywe. Pengo limejazwa kwa tamaa ya mtu binafsi, na dola imebaki bila doa.

Mwaka 1998, baada ya majaribio ya nyuklia ya Pokhran, Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliongeza Jai Vigyan, yaani ushindi kwa sayansi. Mwaka 2019 Narendra Modi aliongeza Jai Anusandhan, ushindi kwa utafiti. Wengi wameyaona maongezo haya kama mwendelezo wa kawaida. Kimtindo si mwendelezo. Ngeli za Kiswahili zinatusaidia kuliona hili: askari na mkulima wamo katika upatanisho wa A-WA, wanatembea, wanaugua, wanakula. Sayansi na utafiti havimo. Walioongeza hawakusema mwanasayansi wala mtafiti. Wamelitukuza jambo, si mtu. Kwa kufanya hivyo wameivunja kanuni ya ndani ya kaulimbiu, ambayo thamani yake yote ilikuwa kwamba mwanadamu wa chini amekalishwa katika kiti kilichokuwa cha miungu na taifa. Kiti kikishaongezewa dhana tupu, askari na mkulima nao huanza kusomeka kama dhana. Na dhana haina madai ya bei wala ya mshahara.

Jibu lilitoka kwa wenye jina lao. Kuanzia Novemba 2020 maelfu ya wakulima, wengi wao kutoka Punjab, Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh, walipiga kambi katika maingilio ya Delhi ya Singhu, Tikri na Ghazipur kupinga sheria tatu za kilimo zilizopitishwa Septemba mwaka huo. Miongoni mwa kaulimbiu zilizosikika humo ilikuwa hii ya Shastri, na miongoni mwa waliojiunga nao walikuwa askari wastaafu. Maneno ni yaleyale, lakini kitendo cha usemi kimegeuka. Kiongozi anaposema Jai Kisan, anatoa heshima. Mkulima anaposema Jai Kisan akiwa barabarani mbele ya vizuizi vya polisi, anadai heshima ile itimizwe. Pongezi imekuwa hati ya deni, na mdai ndiye anayeisoma kwa sauti. Vilevile pengo la “dhidi ya nani” lilijazwa kwa mara ya kwanza na kisan mwenyewe: ushindi dhidi ya sheria alizoamini zitamwacha peke yake mbele ya wanunuzi wakubwa. Sheria hizo zilifutwa na Bunge mwishoni mwa Novemba 2021.

6.0 Hitimisho

Makala imebainisha kwamba kaulimbiu ya Jai Jawan Jai Kisan inawainua askari na mkulima kwa njia tatu za kimtindo: usambamba unaowapa cheo sawa, matumizi ya jai yanayowaweka katika nafasi ya kitukufu, na uteuzi wa maneno yanayomhusu mtu wa cheo cha chini badala ya mkubwa wake. Imebainisha pia mipaka yake: lugha yake haikuwa ya wote, neno kisan linafunika tofauti za ardhi na jinsia, na ushindi wa mkulima haukutajiwa mshindani.

Kuhusu swali la msingi, uhakiki huu unaona kwamba heshima iliyotolewa kwa neno haiwi malipo ya deni, ila inaweza kuwa ushahidi wake. Kaulimbiu ya Shastri haikuahidi kitu kisarufi. Hata hivyo, kwa kuwa ilimtaja mkulima kwa namna ambayo hakuna serikali iliyothubutu kuikana baadaye, ilimwachia ushahidi ambao aliweza kuutoa miaka 55 baadaye. Watafiti wa kaulimbiu za kisiasa katika lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, wanashauriwa wasiishie kuuliza kiongozi alikusudia nini aliposema. Wafuatilie pia ni nani anayeitamka kaulimbiu hivi sasa, akiwa amesimama wapi, na anamtazama nani anapoitamka.